Si Kila Mdudu ni Methali

Nina ugomvi na fasihi yetu, na ugomvi wenyewe unahusu mnyama mwenye urefu wa milimita mbili.

Nauweka wazi mapema ili anayetaka kufunga ukurasa afunge. Katika maandishi ya Kiswahili mnyama haruhusiwi kuingia bila mzigo kichwani. Lazima abebe kitu chetu: ulafi wetu, ujanja wetu, siasa zetu, mahubiri yetu. Fisi akitokea, ujue kuna mroho anasemwa. Sungura akitokea, ujue kuna mnyonge anayetaka kumzidi mkubwa akili. Wakishamaliza kutufundisha adabu wanaondoka, na hakuna anayeuliza wanalala wapi, wanakula nini, wanazaaje. Tunajisifu kwamba fasihi yetu imejaa wanyama. Mimi nasema imejaa watu waliovaa ngozi.

Tazameni manyani wa Adili na Nduguze. Wamefungwa, wanachapwa kila usiku, na msomaji anawahurumia kweli. Lakini si manyani wale. Ni Hasidi na Mwivu, binadamu walioadhibiwa. Tazameni nguruwe wa Shamba la Wanyama, kitabu ambacho Fortunatus Kawegere alikifasiri mwaka 1967. Nani kati yetu alikisoma ili amjue nguruwe? Tulikisoma tuwajue wakubwa. Sina neno na vitabu hivyo, navipenda na nitavirudia. Neno langu ni kwamba mlango huo mmoja ndio tuliouacha wazi, na viumbe wengi hawawezi kupita hapo kwa sababu hawafanani na sisi hata chembe.

Mmoja wa waliobaki nje ndiye huyu niliyemletea mkeka leo. Jamaa yake wanasayansi wanaiita kolembola, na yeye ni wa ule ukoo wa mviringo, Simfipleona kwa jina la kitabuni. Kiswahili cha mtaani hakina jina lake. Mimi namwita kifyatu, kwa sababu nitakayoieleza, na kundi lake nawaita vifyatu wa mviringo. Mwenye jina zuri zaidi alilete hapo chini, tena ningefurahi.

Lakini kwanza tuulizane: mbona hana jina?

Jibu la haraka ni kwamba ni mdogo mno. Si kweli. Kiswahili kinajua kutaja vidogo vizuri sana. Kina utitiri, kina chawa na yai lake ambalo ni kivunjo cha uvumilivu wa kila mama mwenye watoto wa shule, kina kiroboto, papasi, kupe na kunguni. Kina mchwa, na mchwa huyohuyo akiota mbawa na kutoka na mvua anabadilika jina kuwa kumbikumbi. Kina senene. Baharini kina dagaa, na chini ya dagaa kina uduvi, ambao ukiwa na macho mabaya huwezi hata kuwahesabu kiganjani. Sasa ziangalieni orodha hizo tena. Chawa, kiroboto, kupe: wanaotunyonya. Mchwa na fukusi: wanaotula mali. Kumbikumbi, senene, uduvi: tunaowala. Ukitaka jina katika lugha yetu, ama uume ama uliwe.

Asiyeuma wala kuliwa anatupwa kwenye pipa moja liitwalo mdudu. Na hilo pipa nalo, jamani! Mdudu ni nzi, mdudu ni jongoo, mdudu ni nyungunyungu, mdudu ni kile kijidudu cha ugonjwa kisichoonekana. Kwa mitaa mingi ya Tanzania mdudu ni nyama ya nguruwe inayokaangwa na ndizi. Neno linalobeba vyote hivyo limeshachoka, na sisi tunaendelea kulitwika.

Basi tumtazame kifyatu mwenyewe, bila kumtwika chochote.

Ana miguu sita, na bado si mdudu kwa maana ya wale wenye miguu sita mnaowajua, panzi na mende na nyuki. Vifyatu ni tawi la jirani lililojitenga zamani sana. Sehemu zao za kutafunia zimefichwa ndani ya kichwa, mfano wa mtu anayetafuna akiwa amefumba mdomo. Mbawa hawana, na wala wahenga wao hawakuwa nazo. Wakishakuwa wazima wanaendelea kujivua ngozi hadi kufa, wakati mdudu wa kawaida akishapata utu uzima basi, ngozi ndiyo hiyo. Mwili wa kifyatu wa mviringo umejikusanya: pingili za kifua na tumbo zimeungana zikawa mpira mmoja, na mbele ya mpira kuna kichwa kilichoinama chenye vipapasio viwili vilivyopinda kama viwiko. Kila upande wa kichwa ana doa jeusi, na ndani ya doa hilo mna vijicho visivyozidi vinane. Wapo wa rangi ya manjano, wapo wa kijani, wapo wa zambarau, na wapo wenye mabaka ya kahawia mgongoni kama kitambaa kilichotiwa rangi kwa kufungwafungwa. Kwa ukubwa, wengi wana milimita moja hadi mbili; wakubwa wanafika tatu.

Anaishi wapi? Kwenye unyevu. Hilo ndilo sharti lake la kwanza, maana ngozi yake ni nyembamba na jua kali linamkausha upesi. Ukifunua majani yaliyooza chini ya mti utamkuta. Yuko kwenye lile zulia la kijani linaloota juu ya mawe ya kivulini, chini ya magome, kwenye nyasi, kwenye maua akila chavua, na kwenye udongo wa vyungu vya maua barazani. Wapo waliohamia mapangoni, ambako mwanga haufiki, na huko wamepoteza rangi na macho. Wapo wanaoishi juu ya maji ya bwawa, hawazami, kwa kuwa ngozi yao imefunikwa na vijipele vidogo ajabu vilivyopangwa kiasi kwamba tone la maji haliwezi kushika. Chakula chake ni kuvu, mwani mdogo, na mabaki ya mimea yanayooza. Anakula kinachooza, anatoa kinyesi, na kinyesi hicho kinakuwa sehemu ya mboji. Katika mita moja ya mraba ya udongo mzuri wa msituni, vifyatu wa aina zote, wa mviringo na warefu, wanaweza kufika makumi ya maelfu. Unapokanyaga hapo na kiatu chako unakanyaga mji.

Na sasa jina. Chini ya tumbo la kifyatu kuna kiungo chenye ncha mbili kama uma, kimekunjwa kuelekea mbele na kushikiliwa na kifungo kidogo. Kimekaa pale kwa mkazo, kama mtego wa ndege uliokwisha kutegwa. Akishtuka, kifungo kinaachia, uma unapiga chini, na yeye anafyatuka. Mwaka 2024 watafiti wawili wa Marekani, Adrian Smith na Jacob Harrison, walichapisha walichokiona kwa kamera za kasi kubwa walipompiga picha kifyatu mmoja wa mviringo aitwaye Dicyrtomina minuta. Anaondoka ardhini ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Anaruka kinyumenyume, hajui kwenda mbele. Na huko hewani anapiga kichwangomba mfululizo kwa mwendo ambao, ukifikia kilele, ni sawa na mizunguko 368 kwa sekunde. Anapanda juu zaidi ya milimita 60, yeye ambaye mwili wake hauzidi milimita mbili. Akitua, ama anadundadunda ovyo mpaka asimame, ama anatumia mrija wa kunata ulio tumboni mwake kujishikiza alipoangukia.

Nimeyasema haya kwa sababu ya jambo moja. Smith hakwenda Amazon wala Kongo kumtafuta mnyama huyo. Alichekecha majani ya uani kwake. Mnyama mwenye mzunguko wa ajabu hivyo alikuwa amelala chini ya majani ya nyumbani kwa mtu, na muda wote huo watu walipita juu yake wakienda kumwaga taka.

Naona tayari mkono wa mtu uko juu. Anataka kusema: "Ahaa, funzo! Usidharau kidogo. Mdharau mwiba mguu huota tende." Shusha mkono, ndugu yangu. Huo ndio ugonjwa ninaousema. Kifyatu haruki ili kutufundisha unyenyekevu. Anaruka kwa sababu kuna utitiri mwindaji anayetaka kumla, na kule kufyatuka bila kujua atatua wapi ndiko kunakomwokoa, kwani hata anayemwinda hawezi kujua. Hiyo habari inatosha. Ikishageuzwa methali inasinyaa, tunatoka nayo tukiwa tunajua kile tulichokijua kabla ya kuja.

Au tuchukue mambo yao ya ndoa, ambako kishawishi cha mahubiri ni kikubwa zaidi. Vifyatu wengi dume na jike hawakutani kimwili. Dume anaweka kitone cha mbegu juu ya kikonyo chembamba kilichosimama chini, na jike akipita anakichukua mwenyewe. Kuna madume wa jamii ya Dicyrtomina wanaomzungushia jike vikonyo hivyo kama ua wa miti, kwamba akisogea upande wowote atakutana na kimoja. Kisha kuna Sminthurides aquaticus, yule wa juu ya maji. Dume wake ni mdogo kuliko jike, na vipapasio vyake vimegeuka kuwa koleo. Anavikamata vipapasio vya jike, ananing'inia, na jike anatembea naye hivyohivyo, miguu ya bwana ikielea. Wakati ukifika dume anashuka, anaweka kitone, kisha anamvuta jike mpaka apite juu yake.

Mwandishi wa mazoea akipewa habari hii ataandika kisa cha mume asiye na kazi anayebebwa na mkewe. Tutacheka, na tutakuwa tumempoteza mnyama. Kwani swali tamu liko kwingine: imekuwaje kiumbe wa nchi kavu, ambaye mbegu yake ikikauka imekufa, akabuni njia ya kuiacha nje ya mwili kabisa na bado ukoo ukaendelea? Jibu linatudai turudi kwenye unyevu, kwenye kivuli cha majani, kwenye ardhi isiyokauka. Maisha yote ya kifyatu yamefungwa na maji kidogo. Hapo ndipo penye hadithi, na haituhusu sisi.

Nimekwisha kusikia majibu ya wenzangu kila ninapoleta hoja hii barazani, kwa hiyo niyachukue moja moja.

La kwanza: "Hii ni sayansi, siyo fasihi. Peleka kwenye kitabu cha biolojia."

Hapana. Aliyelipa kundi hili jina la kolembola alikuwa John Lubbock, Mwingereza aliyekuwa mwenye benki na mbunge, jirani wa Charles Darwin kijijini Downe. Mwaka 1873 alichapisha kitabu kizima juu yao, na humo alieleza uchumba wa vifyatu wa mviringo: jike amesimama, dume anamzunguka, wanapigana vichwa kama kondoo wanaotaniana. Alieleza kwa furaha ya mtu aliyekaa chini akatazama muda mrefu. Mtu yule hakuacha lugha yake mlangoni alipoingia kwenye udongo. Mpaka huu kati ya sayansi na fasihi tunaoulinda kwa mapanga, sisi tumeurithi kutoka kwenye ratiba ya shule: saa mbili biolojia kwa Kiingereza, saa nne Kiswahili kwa Kiswahili. Mtoto wa sekondari nchini Tanzania anajifunza udongo kwa lugha moja na huzuni kwa lugha nyingine, halafu tunashangaa kwa nini akikua hawezi kuuhuzunikia udongo.

La pili: "Kiswahili hakina maneno ya mambo hayo."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, hasa likitoka kwa watu wa lugha. Wazungu nao hawakuwa nayo! Linnaeus mwaka 1758 aliwaweka vifyatu kwenye kundi aliloliita Podura. Ni Kigiriki, na maana yake ni mguu na mkia basi. Aliona kitu kama mguu mahali pa mkia, akasema hivyo. Lubbock akaona mrija wa kunata tumboni, akachukua neno la Kigiriki la gundi na neno la kigingi, akayagandisha. Hakuna muujiza hapo. Kuna mtu aliyetazama, halafu akatumia lugha aliyokuwa nayo mkononi. Sisi tuna kufyatua na kufyatuka, mfyatuko na kifyatuo. Tuna mtoto mtundu anayeitwa fyatu. Nimemwita kifyatu na sikuhitaji ruhusa ya kamati. Tuna kipapasio, neno tamu kuliko lile la Kilatini, kwa sababu linasema kiungo kile kinafanya nini. Tuna mboji, tuna kaharabu, tuna kuvu, tuna kujivua. Katika makala hii nimeazima maneno machache sana, na aliyenifuata mpaka hapa ni shahidi.

Tena majina yakikosewa yana gharama. Kuna kifyatu wa mviringo wa kijani-manjano aitwaye Sminthurus viridis. Asili yake Ulaya, akasafirishwa na watu mpaka Australia, na huko amekuwa adui wa malisho. Anakula majani ya alfalfa na klova kwa namna yake: anatafuna nyama ya jani na kuacha utando mwembamba unaopitisha mwanga, kama vidirisha. Wakulima wa kule wakamwita kiroboto wa alfalfa. Si kiroboto. Hanyonyi damu, hana undugu na kiroboto, ila ameruka tu. Halafu kuna jambo la dawa. Dawa nyingi za kunyunyizia mashambani ni zile zilizoundwa viwandani kwa kuiga sumu ya pareto, ua ambalo wakulima wa Kenya na wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania wanalijua vizuri. Kifyatu huyu anazistahimili dawa hizo kwa asili yake. Utitiri wanaomwinda hawazistahimili. Kwa hiyo anayenyunyiza bila kujua nani ni nani anaua askari na kumwacha mwizi, na msimu ukiendelea vifyatu wanazidi. Na huyo ni mmoja. Ukoo wa vifyatu wa mviringo una aina zaidi ya elfu moja zinazojulikana, na wengi mno kati yao hawana ubaya na shamba la mtu; wako kwenye majani makavu wakitengeneza mboji. Anayewaona wote kama mdudu atawaua wote kama mdudu.

Ndiyo maana nasema neno mdudu si kosa dogo la kamusi. Ni amri ya kunyunyiza. Mtu akikuambia shambani kuna wadudu, mkono unakwenda kwenye bomba la dawa kabla ya kichwa kuuliza swali. Wadudu gani? Wanafanya nini? Wanakula nani, wanaliwa na nani? Lugha isiyoweza kuuliza maswali hayo imeshamkabidhi mkulima kwa muuza dawa, ambaye maneno yake yamechapishwa tayari kwenye kibandiko cha chupa.

La tatu, na hili husemwa kwa sauti ya huruma: "Ndugu, watu wana njaa, kuna rushwa, kuna vita. Wewe unatuletea vijidudu?"

Naipokea huruma hiyo, lakini nauliza: njaa inaanzia wapi kama si kwenye udongo? Methali yetu inasema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Tumeirudia mpaka imekuwa laini, na kila mara tunahesabu tatu tu: fahali, fahali, nyasi. Hatukuwahi kuwahesabu walio ndani ya nyasi. Nyasi zinazokanyagwa zinaota tena kwa sababu kuna kuvu wanaovunja mabua makavu, na kuna vifyatu wanaowala kuvu hao na kuwasambaza, na kuna udongo unaopumua. Huyo mkaaji wa nyasi hayumo kwenye methali, na udongo ukishakufa hata fahali hawatakuwa na mahali pa kupigania.

Kuna wanaosema pia kwamba huyu ni mnyama wa nchi baridi, atuhusu nini. Kolembola wako katika kila bara, hata Antaktika. Na kwetu walishakusanywa zamani. Mwaka 1905 na 1906 msafara wa Waswidi ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulipanda Kilimanjaro na Meru ukiokota kila kinachotembea, wakubwa kwa wadogo, na kolembola wakiwamo. Matokeo yakachapishwa Ulaya kwa mabuku makubwa. Sitaki kupiga ile ngoma ya kuwalaumu Waswidi. Walipanda, wakainama, wakafunua majani, wakaandika kwa lugha walizozijua. Lawama yangu ni kwa miaka mia na zaidi iliyofuata. Mlima Kilimanjaro tumeuimba mpaka theluji yake imechoka kusifiwa. Tumeuweka kwenye mashairi, kwenye noti, kwenye chupa za bia. Nionyesheni nathari ya Kiswahili inayoinama kwenye msitu wa mlima ule na kufunua jani moja, ikasema kwa utulivu chini yake kuna nani.

Na hao walioko chini ya jani ni wa kale kiasi cha kumnyamazisha mtu. Huko Rhynie, Uskoti, ndani ya jiwe lenye umri wa miaka milioni 400 hivi, alipatikana kolembola aliyeelezwa mwaka 1926 na kupewa jina la Rhyniella praecursor. Wakati huo hapakuwa na ua, hapakuwa na mjusi, hapakuwa na ndege. Na katika kaharabu ya Jamhuri ya Dominika, yenye miaka kama milioni 16, watafiti walieleza mwaka 2019 kipande kimoja ambamo kumbikumbi na chungu wamenaswa pamoja na vifyatu wa mviringo 25. Baadhi yao wamewashikilia wenyeji wao kwa vipapasio, miguuni na mbawani, wakisafiri bure. Kumbikumbi! Kumbikumbi yuleyule ambaye sisi tukimwona kwenye taa tunakimbilia beseni. Mnyama mdogo asiye na mbawa aliazima za mwenzake, utomvu ukawadondokea, na safari ikakatika hapo mpaka leo.

Mnaona jinsi ninavyojizuia nisiseme hapo ni mfano wa chawa wa wanasiasa? Inawezekana kujizuia. Chawa wa watu tayari ameshapata wasanii wa kutosha.

Sasa ninachokitaka, maana ugomvi usio na dai ni kelele. Sitaki tuache ngano. Sungura aendelee kumchezea fisi, watoto wanahitaji kucheka. Ninachotaka ni kipande cha uwanja kwa ajili ya maandishi ambayo kiumbe anaingia akiwa yeye. Waandishi wa insha, andikeni juu ya mnyama mmoja au mmea mmoja mliokaa nao mkautazama, na mkifika mwisho msiongeze funzo. Washairi, mizani na vina havikatazi ukweli. Mtu anayeweza kupanga mishororo kumi juu ya nyusi za mpenzi anaweza kupanga minne juu ya jani lioozalo. Wafasiri, mnahangaika na riwaya za tuzo kila mwaka; fasirini na vitabu vya watazamaji wa viumbe, maana huko ndiko msamiati wenu utakapobanwa mpaka utoe jasho. Wahariri, mkipelekewa makala ya udongo msimrudishie mwandishi na maneno "haiko kwenye mada yetu". Watunga kamusi, nendeni mashambani mkawaulize akina mama wanaopalilia. Kuna majina kwenye lugha zetu za nyumbani ambayo hayajawahi kuulizwa, na yakiulizwa mapema tutayapata.

Na wewe msomaji, kazi yako ni nyepesi kuliko zote. Mvua ikinyesha, chukua konzi ya majani yaliyooza chini ya mgomba au mwembe, yakung'utie juu ya karatasi nyeupe, na usogeze macho, au lenzi ya kukuza kama unayo. Subiri vumbi litulie. Baadhi ya vumbi halitatulia. Litatembea kwa miguu sita, litapapasa, na ukilisogezea ncha ya kijiti litakuwa halipo tena pale lilipokuwa. Ukirudi ndani usituandikie kwamba limekukumbusha nini. Tuandikie lilikuwa na rangi gani.